Maoni ya Chini ya Shuka

Kwenye lile baraza la kwanza nilihesabu vichwa, kisha nikahesabu mikono iliyoinuliwa kukubali tuta lijengwe. Mikono ilizidi vichwa. Nikarudia hesabu, maana mimi ni dalali wa mifugo, na dalali asiyehesabu mara mbili hurudi nyumbani na kamba tupu. Bado mikono ilizidi. Wako walioinua yote miwili, na kulikuwa na mama aliyeinua wake pamoja na wa mtoto aliyempakata.

Nilimnong'oneza meneja wa mradi. Akacheka, akaniambia niandike "wote".

Mradi ulikuwa wa kujenga tuta kando ya Mto Tana, si mbali na Kulesa, ili mto ukifura usiingie tena mashambani. Walihitaji mtu wa kukusanya maoni ya wadau, yaani wakulima, wafugaji na kila atakayeguswa, na kuyafuatilia moja moja hadi yajibiwe. Wakanichukua mimi. Sikuwa na cheti. Nilikuwa na miaka mingi ya kukanyaga samadi katika soko la mifugo la Garsen, na sifa nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mkataba: mimi ni mtu wa Kipini. Si Mpokomo, si Muorma. Wakulima huniona wa wafugaji kwa kuwa nauza ng'ombe wao, na wafugaji huniona wa wakulima kwa kuwa nala wali wao. Ofisini walisema mtu anayeshukiwa sawasawa na pande zote mbili ndiye asiye na upande.

Nikapewa rifleta, lile koti la kung'aa la mafundi wa barabara, ya rangi ya machungwa iliyonifika karibu na magoti, na tableti. Ndani ya tableti mlikuwa na jedwali. Kila neno la mdau lilikuwa na mstari wake na kila mstari una rangi: nyekundu kwa lililopokelewa, manjano kwa linaloshughulikiwa, kijani kwa lililojibiwa na kufungwa. Meneja alipenda kijani kuliko mkulima apendavyo. Kila Jumatatu alituma jedwali kwa wakubwa wake, na wakubwa wake, nilivyoelewa mimi, hawakusoma maneno. Walitazama rangi.

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, mambo yangekuwa mepesi.

Tatizo lilikuwa moja. Ramani ya tuta ilipita juu ya malka, ile njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni kunywa. Kiangazi kikikaza huko nyikani, makundi yote ya wafugaji hurudi kwa njia hiyo, na kushoto kwake ni mahindi, na kulia ni mahindi. Pale barazani wafugaji walikuja wachache, wakakaa nyuma kwenye pikipiki zilizoegeshwa, wakasalimia kila mtu, wakauliza hali za wagonjwa, wakaondoka. Kabla hawajaondoka meneja aliuliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Kimya. Mstari ukaandikwa: wafugaji, hakuna pingamizi. Kijani.

Nilijua pale pana kasoro. Katika soko letu bei haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mkono, shuka ikatupwa juu ya mikono hiyo, na vidole ndivyo husema. Mdomoni mnaulizana habari za mvua na kutukanana kwa adabu, lakini biashara iko chini ya nguo. Asiyetaka huutoa mkono wake, basi, na hakuna aliyeaibika kwa sababu hakuna aliyesikia. Sasa mradi uliwachukua watu waliokulia katika desturi hiyo, ukawakalisha mbele ya majirani wanaogombania nao mto mmoja, ukawaambia: haya, semeni kwa sauti.

Siku ya soko nilimtafuta mfugaji mmoja ambaye nimefanya naye biashara ya ng'ombe tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Malka ile ni ya ukoo wake. Makundi yakirudi, yeye ndiye husema nani atangulie kunywa.

"Naona umevaa koti la barabara," akasema. "Wataka gari likuone?"

"Nataka wewe unione."

"Mimi naona wewe zamani. Ndiyo maana wewe ukiondoka mimi nahesabu ng'ombe."

"Na mimi nikikupa mkono nahesabu vidole."

Akautoa mkono, akatupa shuka. Kwa waliotutazama, tulikuwa tunapatana bei ya fahali mwekundu aliyefungwa nyuma yetu. Nikamuuliza polepole, "Na tuta?"

Mkono wake ulitulia ndani ya wangu. Kisha ukatoka.

"Ng'ombe anarudi," akasema. "Huko mabwawa yamekauka. Vijana wamepiga simu. Keshokutwa wako mtoni. Nyinyi mkifunga malka, ng'ombe hasomi kibao chenu. Yeye anasikia harufu ya maji, anakwenda. Huku mahindi, huku mahindi. Apite wapi?"

"Mbona hukusema barazani?"

"Niombe mbele yao? Halafu wanikatalie mbele ya vijana wangu?"

"Basi nipe jina lako, niandike mimi."

Akaitazama tableti jinsi anavyomtazama ng'ombe mwenye kikohozi. "Jina langu likilala ndani ya hicho kioo, siku kuna vurugu, askari anatafuta nani kwanza? Anafungua, anasoma, anakuja kwangu. Hapana."

Nikaizima tableti. Hapa kwetu kila mtu anajua kinachofuata ng'ombe wenye kiu wakiingia shambani mwa mtu. Huanza na fimbo, kisha panga, kisha watu huhamia kwa jamaa zao na watoto hawaendi shule. Hakuna anayependa kulizungumza, nami sitalizungumza hapa.

Nilirudi ofisini na maneno yale, na jedwali likayakataa. Bila jina na nambari ya kitambulisho mstari hauhifadhiki. Niliandika "mfugaji". Likakataa. Nikaandika "mwenye ng'ombe wengi". Likakataa.

"Ni nani huyo?" meneja akauliza.

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye ng'ombe wanaokuja keshokutwa."

Meneja akavua miwani. "Na tingatinga linafika hapo hiyo keshokutwa asubuhi. Nikipata lalamiko lenye jina na kitambulisho, kanuni inanilazimisha kusimamisha kipande hicho mpaka tukutane na watu. Inanilazimisha, unaelewa? Ningefurahi. Lakini siwezi kuwaambia wakubwa nimesimamisha mtambo kwa sababu dalali alishikwa mkono sokoni."

"Nikiweka jina langu?"

"Wewe ni mfanyakazi. Mfanyakazi si mdau."

Nilikuwa na swali la pili juu ya hilo. Nikalitia mfukoni, kwa kuwa bado palikuwa na upande mmoja sijaugusa.

Mwenyekiti wa wakulima ni mama wa makamo ambaye mafuriko ya mwisho yalimchukulia nyumba yakamwachia mlango. Mlango wenyewe ameugeuza meza ya kukatia mboga. Hakuna mtu aliyelitaka tuta kuliko yeye, na alikuwa na haki yake. Shamba lake ndilo la kwanza ukitoka kwenye malka. Nilimkuta na wanawake wa kikundi wakipepeta mpunga.

"Mwana wa Kipini," akaniita kabla sijashuka kwenye pikipiki, "leo wauza nini? Mto?"

"Leo nanunua, shangazi."

"Wanunua kwa nini? Mifuko ya koti hilo imeshonwa."

Wanawake wakacheka. Nikaeleza: tuta lijengwe, lakini pale kwenye malka liachwe lango. Mto ukijaa, lango lizibwe kwa mifuko ya mchanga. Nyungo zikasimama. Mwenyekiti akawatazama wenzake kwanza, kisha mimi.

"Tuta lenye mlango ni banda," akasema kwa sauti ya mkutano. "Maji yakija tuyaambie yabishe hodi?"

Wakampigia makofi. Nilidhani nimemaliza kazi na imekwisha vibaya. Ndipo akavuta leso ya pili iliyokuwa begani mwake, akanisogelea.

"Hebu njoo. Kila siku mnashikana mikono huko sokoni, wanaume kwa wanaume. Sisi wa jembe tumekosa nini? Nifundishe."

"Mwenyekiti anaposwa!" mmoja akapiga kelele.

"Na mahari ni tingatinga!" akajibu mwingine.

Akaitupa leso juu ya mikono yetu. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini. Nilimwambia kwa kunong'ona: vidole vikibana ni ndiyo, ngumi ni hapana. Papo hapo akafumba ngumi.

"Mbuzi wa soko la Madogo wamepanda bei?" akauliza kwa sauti, ili wenzake wasikie.

"Wamepanda, shangazi. Wamepanda mpaka kwenye malori." Kisha chini chini: "Ng'ombe wako njiani. Wakikuta pamezibwa, shamba la kwanza ni lako."

Ngumi haikulegea. Wenzake walikuwa wakicheka bado, lakini yeye macho yake hayakucheka.

"Nani atapanga hiyo mifuko mto ukija?" akauliza bila kusogeza midomo. "Mimi na vikongwe hawa?"

"Vijana wa mfugaji."

"Amesema?"

"Nitakuletea mkono wake."

Ngumi ikafunguka kidole kwa kidole, kama mtu anayefungua fundo alilolifunga mwenyewe. Akanibana vidole hadi vikauma. Nikajaribu bahati yangu: "Utatia jina?" Mkono ukarudi kuwa ngumi.

"Mimi ndiye niliyewasainisha hawa wote. Nikisaini kinyume, kesho sina kikundi." Akaivuta leso, akapaza sauti. "Bei yako mbaya! Nenda zako!"

Wakashangilia. Niliondoka pale nimefukuzwa kwa vigelegele, nikiwa na ndiyo moja mfukoni.

Siku iliyofuata nilikwenda na kurudi kati ya Garsen na shamba lile hadi mwenye pikipiki akaniuliza kama nimeibiwa kitu njiani. Mfugaji alikubali vijana wake wapange mifuko, lakini akataka lango pana kama barabara ya lami. Nikamshusha hadi ng'ombe sita wakipita sambamba. Mama, chini ya leso, akasema wanne. Tukakubaliana watano, na kila upande ukaniita mwizi, na hiyo ndiyo dalili ya bei nzuri. Katika hayo yote wao wawili hawakuonana. Nilikuwa na ndiyo mbili, nilizihesabu mara mbili, na hapakuwa na jina hata moja la kutia kwenye jedwali.

Asubuhi ya keshokutwa nilifika malka mapema, na si mimi wa kwanza. Wakulima walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa mahindi. Nilihesabu mapanga. Nikahesabu tena. Panga ni kitu cha shamba, kila mtu hutembea nalo, lakini siku hiyo hakuna aliyekuja na jembe. Upande wa nyika kulikuwa na vumbi, na mbele ya vumbi vijana wa wafugaji waliotangulia, na fimbo zao nilizihesabu pia. Mfugaji wangu alikuwa katikati yao. Hakunisalimu. Yeye hunisalimu hata nikimdhulumu.

Tingatinga lilikuwa linanguruma, limeinua mdomo wake wa chuma mbele ya lundo la udongo. Meneja alisimama kando na tableti kifuani, akitazama upande mmoja, kisha wa pili. Nadhani hapo ndipo alipoona kwamba kijani chake kilikuwa na watu ndani.

Kengele za ng'ombe zikaanza kusikika.

"Nikiacha kazi," nikamuuliza, "mimi ni mdau?"

"Mdau wa nini? Huna shamba hapa. Huna ng'ombe."

"Ng'ombe wanaokunywa hapa ndio ninaowauza. Wasipokunywa nitauza nini, rifleta?"

Alinitazama. Nikaivua rifleta. Niliikunja vizuri, kwa kuwa ni mali ya ofisi, nikamkabidhi. Nikatoa kitambulisho. Alipiga jina langu herufi moja moja, na lalamiko likawa fupi: tuta linaziba malka, mwombaji anataka lango la upana wa ng'ombe watano. Mwishoni kioo kilitaka kidole gumba. Nikakiweka. Kikakataliwa. Vidole vyangu vilikuwa vumbi tupu. Nikakipangusa kwenye suruali, ambayo nayo ilikuwa vumbi tupu. Nyuma yangu kijana mmoja wa wakulima alisema, "Wanakuja," wala si kwa sauti kubwa, na mapanga yakabadilishwa mkono. Nikakilamba kidole, nikakikausha kwenye shati la meneja mwenyewe, naye akanisogezea kioo. Nikakiweka tena.

Mstari mwekundu ukatokea.

"Haitoshi," meneja akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kwa mtu aliyekuwa mfanyakazi wetu mpaka sasa hivi, lazima niulize waathirika." Akamgeukia mama. "Mwenyekiti, huyu anasema kwa niaba yenu?"

Watu wote wakamtazama. Naye akanitazama mimi kama takataka iliyoletwa na mto.

"Huyu? Huyu ni dalali. Wakulima hatujamtuma."

Upande wa pili nikamwona mfugaji akishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Lakini," mama akaendelea, akiwaambia watu wake zaidi kuliko meneja, "hilo dubwana lako linakanyaga mahindi yangu. Mimi sijavuna. Lirudishe kule chini lianzie huko. Hapa mtarudi nikishavuna."

"Utavuna lini?"

"Yakikomaa."

Mahindi yenyewe yalikuwa yamefika magotini mwa mbuzi.

Hakuna mkulima aliyebisha. Nani atamkatalia jirani yake avune? Dereva wa tingatinga alizima injini kabla hajaambiwa. Naye alikuwa amehesabu, nadhani. Ule mngurumo ulipokatika zikabaki kengele peke yake, na meneja akasema kwa sauti, kama mtu anayesoma, kwamba kipande hiki kimesimamishwa kwa lalamiko la mdau na kwa ombi la mwenyekiti, mpaka tukutane.

Ng'ombe wakaingia malka. Walikuwa wembamba, mbavu zao unaweza kuzihesabu, na mara hiyo moja sikuzihesabu. Vijana walitembea pembeni wakizifanya fimbo zao ua. Upande wa mahindi mama alisimama na leso ameitandaza kwa mikono yote miwili, akiwafukuza kwa ulimi. Karibu wote walikuwa wameshapita pale ndama mmoja alipochepuka, akapita chini ya leso, akaingia shambani.

Kila kitu kilisimama. Kijana wa mfugaji alitaka kumfuata akasita, maana mguu wake ukikanyaga shamba lile ni jambo jingine. Mama ndiye aliyekwenda. Akamkamata ndama sikio, akamtoa nje, na ndama alikuwa na mche wa mahindi mdomoni, mizizi na yote. Akauvuta ule mche, akauinua juu watu wauone.

"Andika na hili, dalali! Mche mmoja!"

"Sina tableti tena, shangazi."

Sijui nani alianza kucheka. Nilimsikia mtu upande wa mapanga, kisha mtu upande wa fimbo, na mfugaji wangu akakohoa kikohozi ambacho kwake ni kicheko. Ndama akasukumwa mtoni kwa mamake.

Lango lilijengwa. Nilikwenda kulipima kwa ng'ombe wenyewe: watano wanapita, wa sita anangoja. Mifuko ya mchanga imerundikwa kando, upande wa mama, na yeye huikalia akipumzika. Kwenye mikutano bado husema tuta lenye mlango ni banda. Mfugaji bado huniuzia ng'ombe wake, na chini ya shuka hanipunguzii chochote. Juzi nilimkumbusha kwa kidole kwamba nilipoteza mshahara kwa ajili ya malka yake. Akautoa mkono.

Nafasi yangu ilipata mtu mwenye cheti. Nami sasa niko upande wa pili wa jedwali. Hunijia ujumbe kwenye simu: "Mdau mpendwa, maoni yako yanashughulikiwa." Kila Jumatatu mwenye cheti hunipigia, ana adabu, akiomba nikubali mstari wangu ufungwe. Lango lipo, anasema, jambo limejibiwa.

"Mto umeshajaa?" humuuliza.

"Bado, mzee."

"Vijana wa mfugaji wameshapanga mfuko hata mmoja?"

"Hawawezi kupanga kabla mto haujajaa."

"Basi."

Maana mama alinipa mkono wake kwa neno hilo la mifuko, na neno hilo bado halijapimwa na maji. Jumatatu hii mwenye cheti alinipigia tena. Nikamwambia mstari ubaki ulivyo mpaka mto uje na vijana waje. Kisha nikamtaka anisomee rangi yake.

"Manjano," akasema.

"Hebu tazama tena."

Nilimsikia akisogeza kioo kwa kidole. "Manjano, mzee."

Nikakata simu, nikarudi sokoni.